BETRI YA PILI: LUGHA YA UFUNDI WA UMEME WA MAGARI KATIKA MTAA WA EASTLEIGH, NAIROBI

Ikisiri

Makala haya yanachunguza jinsi Kiswahili kinavyoeleza kazi moja mahususi ya kifundi, yaani kuongeza betri ya pili katika lori au pikapu ili gari liweze kuhimili vifaa zaidi vya umeme. Kazi hiyo imechaguliwa kwa sababu kosa dogo la kimaana katika maelezo yake laweza kuteketeza gari. Hoja inayotetewa ni kwamba tatizo la Kiswahili cha ufundi si uchache wa maneno kama inavyodaiwa mara kwa mara. Tatizo ni mzigo wa maana nyingi unaobebeshwa maneno machache, hasa ‘moto’, ‘waka’, ‘chaji’, ‘sambamba’ na ‘maji ya betri’.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu uwezo wa Kiswahili kueleza sayansi umeendeshwa vyuoni kwa miaka mingi, na aghalabu mifano yake hutolewa maabarani na katika vitabu vya kiada. Mifano hiyo ina ila moja. Mwanafunzi anayekosea istilahi ya usanisinuru katika mtihani hupoteza alama mbili tatu. Utingo anayeambiwa na fundi kwamba waya fulani “una moto”, naye asijue ni moto wa aina gani, huweza kupoteza kidole, au mwajiri wake akapoteza lori pamoja na shehena yake.

Ndiyo sababu inafaa mjadala huo uhamishiwe gereji kwa muda. Gereji haina kamati ya istilahi. Maneno huingia pamoja na vipuri, hujaribiwa siku hiyo hiyo, na lile lisilofanya kazi huachwa. Mwanaisimu anayetaka kujua kama lugha inaweza kubeba maarifa ya kiufundi hapati mahali pazuri zaidi pa kuipima.

2.0 Mahali na lugha zake

Eastleigh, mtaa ambao vijana wa Nairobi huuita Isich na Wasomali huuita Islii, uko mashariki mwa kitovu cha jiji, ng’ambo ya Pumwani. Ulianza kujulikana sana kama kitovu cha biashara katika miaka ya 1990, baada ya dola ya Somalia kusambaratika mnamo 1991 na wafanyabiashara wengi kuhamia Nairobi. Garissa Lodge, nyumba ya wageni ambayo vyumba vyake viligeuzwa maduka, ndiyo inayotajwa kila mara historia hiyo inaposimuliwa. Matatu za njia nambari 6 na 9 hupakia na kupakua abiria humo kutwa, nayo malori huondoka na bidhaa kuelekea Garissa na miji iliyo mbali zaidi ya hapo, Wajir na Mandera.

Hali hiyo ina athari mbili kwa mada hii. Kwanza, magari ya njia hizo yanahitaji umeme mwingi kuliko yalivyokadiriwa na kiwanda. Matatu hutaka muziki wenye kishindo, runinga na taa za rangi. Lori la safari ndefu hutaka taa za ziada, jokofu dogo la maji na chakula, na mahali pa kuchajia simu za watu watatu au wanne. Pili, mwenye gari, dereva, utingo na fundi huenda wasiwe na lugha ya mama moja. Kisomali, Kiborana, Kikamba, Kikuyu na Kimeru husikika katika uchochoro mmoja, na Sheng juu ya zote. Wanapofikia jambo linalohitaji kueleweka na kila mmoja, hugeukia Kiswahili. Ni kweli kwamba Kiswahili hicho kina maneno mengi ya Kiingereza. Hata hivyo, sarufi inayoyashikilia maneno hayo ni ya Kiswahili, na jambo hilo litarejelewa hapo chini.

3.0 Kazi yenyewe

Haifai kujadili lugha ya kazi bila kuieleza kazi yenyewe kwanza, na maelezo yafuatayo yametolewa kwa Kiswahili kwa makusudi.

Gari huwa na betri ambayo kazi yake kuu ni kuzungusha stata. Stata hunyonya mkondo mkubwa mno, ampea mia kadhaa, lakini kwa sekunde chache tu. Injini ikishawaka, alteneta huchukua jukumu la kulisha gari zima na kurudishia betri kilichotumika. (Baadhi ya mafundi huendelea kuiita alteneta ‘dainamo’. Dainamo halisi ilitoweka katika magari mapya miongo mingi iliyopita, ila jina lake limebaki.) Kwa kuwa betri ya stata imeundwa kutoa umeme mwingi kwa muda mfupi, mabamba yake ya risasi huwa mengi na membamba. Ikitumiwa kulisha vifaa usiku kucha hadi ikauke, mabamba hayo huharibika upesi. Kuna betri za aina nyingine, zenye mabamba manene, ambazo hustahimili kushushwa na kupandishwa mara nyingi. Hizo ndizo zinazofaa kulisha vifaa.

Hesabu yake ni rahisi. Tuseme jokofu dogo linatumia wastani wa ampea 4, taa za ndani ampea 3, na redio ampea 3. Jumla ni ampea 10. Dereva akilala kwa saa 8 huku vyote vikifanya kazi, atakuwa ametumia ampea-saa 80. Betri ya ampea-saa 70 haiwezi kustahimili usiku huo, na asubuhi stata haitazunguka. Nairobi mjini jambo hilo ni kero, kwani kuna watu wa kusukuma gari na magari ya kuazima umeme. Kaskazini mwa Garissa, mahali ambapo saa moja yaweza kupita bila gari jingine kuonekana, ni jambo la hatari.

Suluhisho la kuongeza betri ya pili lina sharti moja ambalo bila hilo halina maana, yaani betri hizo mbili ziungane wakati injini inanguruma na zitengane injini inapozimwa. Zikiungana daima, vifaa vitazimaliza zote mbili kwa pamoja na dereva atakuwa amenunua betri ya pili bure. Kazi hiyo ya kuunganisha na kutenganisha hufanywa na swichi ya mkono, ambayo binadamu huisahau, au na rilei, yaani swichi inayoendeshwa na umeme wenyewe. Zipo rilei zinazopima volteji. Alteneta inapoipandisha volteji ya betri ya kwanza hadi kupita volti 13 hivi, rilei hufunga saketi na betri ya pili huanza kujazwa. Volteji ikishuka, rilei huifungua. Wapo pia wanaotumia diodi, kifaa kinachoruhusu mkondo upite upande mmoja tu. Diodi haina sehemu inayosogea, lakini aina ya kawaida hula takribani volti 0.7, kwa hiyo betri ya pili haijai ipasavyo.

Waya nao una hesabu yake, na hapa ndipo gharama hupunguzwa kwa njia ya hatari. Waya wa shaba wenye unene wa milimita mraba 4 na urefu wa mita 5 una ukinzani wa takribani omu 0.022. Kipaza sauti cha wati 600 kikivuta ampea 50 kupitia waya huo, volti 1.1 hupotea njiani na wati 55 hugeuka kuwa joto ndani ya waya wenyewe, nyuma ya viti au chini ya zulia. Waya wa milimita mraba 16 hupoteza volti 0.27 tu. Tofauti ya bei kati ya nyaya hizo mbili ni ndogo ikilinganishwa na bei ya gari.

Kisha kuna fyuzi. Katika saketi ya kawaida, fyuzi moja karibu na betri yatosha. Waya unaounganisha betri mbili una chanzo cha umeme katika kila ncha. Ukichubuka katikati na kugusa bodi, utalishwa kutoka pande zote mbili. Fyuzi moja ikikatika, upande wa pili utaendelea kuulisha. Hivyo fyuzi huwekwa mbili, kila moja karibu na betri yake.

4.0 ‘Betri ya pili’ ni ya ngapi?

Maelezo yaliyotolewa hapo juu yanahusu gari la volti 12, kama vile pikapu na matatu ndogo. Lori la wastani au kubwa, na hata basi dogo lililojengwa juu ya chesisi ya lori, kwa kawaida hutumia volti 24, nazo hupatikana kwa kuunga betri mbili za volti 12 kwa mfuatano. Chanya ya moja huungwa na hasi ya nyingine, na volti zake hujumlishwa.

Kwa hiyo gari hilo lina betri mbili tangu lilipotoka kiwandani. Mwenye lori akisema “Nataka betri ya pili”, kisarufi amesema jambo lililo wazi kabisa, ila kifundi hajasema lolote. Je, anataka kubadilisha ile betri ya pili katika jozi? Anataka ya tatu? Au ana pikapu nyumbani na ndiyo anayoizungumzia? Kiswahili kina ngeli, kina viambishi vya idadi na vya mpangilio, na vyote hivyo haviwezi kutatua utata huu kwa sababu utata wenyewe haumo katika sarufi. Fundi makini huutatua kwa swali moja: “Gari ni la volti ngapi?”

Jambo hili si la kinadharia. Betri ya volti 12 ikiungwa sambamba na mfumo wa volti 24, mkondo mkali utaingia ndani yake bila kizuizi, nayo yaweza kuchemka na kupasuka.

Neno ‘sambamba’ lenyewe linahitaji kutazamwa kwa makini. Katika Kiswahili cha fizikia, saketi sambamba ni ile ambayo chanya huungwa na chanya na hasi na hasi. Volti hubaki zile zile na uwezo wa kutoa mkondo huongezeka. Katika Kiswahili cha kila siku, vitu vilivyo sambamba ni vile vilivyopangwa ubavu kwa ubavu. Sasa, betri za lori hukaa katika kisanduku kimoja, ubavu kwa ubavu, ilhali zimeungwa kwa mfuatano. Mtu anayesema kwamba betri za lori “zimewekwa sambamba” anasema kweli kwa lugha ya nyumbani na anasema uongo kwa lugha ya fizikia. Mtego huu ni ushahidi mzuri dhidi ya wale wanaodhani kuwa istilahi iliyotokana na neno la kawaida ni rahisi zaidi siku zote. Wepesi wa kuikumbuka hauondoi wepesi wa kuielewa visivyo. Njia salama ni kutumia kitenzi chenye kubainisha: betri ‘zimepangwa’ sambamba, au ‘zimeungwa’ sambamba.

Mfumo wa volti 24 una mtego mwingine. Redio na vipaza sauti vingi vilivyomo madukani ni vya volti 12. Fundi asiye na subira huchukua volti 12 kutoka kwenye betri moja kati ya mbili za lori, na kifaa hufanya kazi vizuri siku hiyo. Lakini alteneta huzitazama betri mbili kama kitu kimoja na kuzigawia volti 28 hivi kwa pamoja. Ile inayolisha redio huwa na upungufu daima. Ile nyingine, iliyokwisha kujaa, hupata zaidi ya fungu lake na kuchemsha maji yake. Baada ya miezi michache betri zote mbili huwa zimeharibika, moja kwa njaa na nyingine kwa shibe. Muuzaji hulaumiwa kwa kuuza betri mbovu, mpya hununuliwa, na waya wa redio hurudishwa pale pale. Dawa yake ni kifaa cha kupunguza volti 24 kuwa 12, kinachovuta kutoka kwenye jozi nzima. Kifaa hicho hakina jina moja lililokubalika katika Kiswahili, na ‘kipunguza volti’ linaeleweka na kila mtu bila kufafanuliwa.

5.0 Moto, waka na chaji

Hakuna neno linalofanya kazi kubwa zaidi katika umeme wa magari kuliko ‘moto’. Betri iliyokwisha ‘haina moto’. Waya unaopitisha umeme ni ‘waya wa moto’. Betri dhaifu hupelekwa ‘kutiwa moto’. Matumizi haya yana mantiki, kwa kuwa umeme hauonekani, na athari yake inayoonekana kwa macho ni cheche na joto. Msemaji wa kawaida alichukua jina la athari akalipa chanzo. Kiswahili kimewahi kufanya hivyo kwingineko. ‘Umeme’ wenyewe ni jina la mmweko wa radi, na ‘stima’, neno linalotumika sana Kenya kwa maana ya nguvu za umeme, lilikuwa jina la meli ya mvuke. (Jiwe nalo halikuachwa. Betri ndogo za tochi na redio huitwa ‘mawe’ hadi leo.)

Tatizo huanza pale ambapo maana zote za ‘moto’ zinawezekana kwa wakati mmoja. Katika sentensi “Waya huu una moto”, msikilizaji ana tafsiri tatu: waya unapitisha umeme, waya umepata joto kupita kiasi, au waya unaungua. Ya kwanza ni habari ya kawaida, ya pili ni onyo, na ya tatu ni sababu ya kukimbia. Katika mazungumzo mengine muktadha ungetosha kubainisha. Chini ya lori, kwenye kelele za First Avenue, muktadha ni huo huo mmoja kwa maana zote tatu. Fundi mwenye uzoefu hubadilisha kitenzi bila hata kufikiri: waya ‘una’ moto, waya ‘umepata’ moto, waya ‘umeshika’ moto. Mpangilio huu unastahili kufundishwa darasani kama unavyofundishwa usemi wa taarifa, kwa kuwa unaonyesha jinsi lugha inavyokabidhi kitenzi kazi ambayo nomino imeshindwa kuifanya.

Kitenzi ‘waka’ nacho kina hali kama hiyo. Gari ‘linapowaka’, injini yake imeanza kufanya kazi. Nyumba ‘inapowaka’, inateketea. “Lori limewaka!” ni sentensi inayoweza kupokewa kwa vigelegele au kwa ndoo za mchanga, na kiimbo pekee ndicho kinachozitenganisha. Katika maandishi, kiimbo hakipo. Mwandishi wa mwongozo hana budi kuandika ‘injini imewaka’ kwa maana ya kwanza na ‘gari linaungua’ kwa maana ya pili.

‘Chaji’ ni mfano wa aina nyingine. Kwa kuwa ni kitenzi cha mkopo, kinatarajiwa kupokea viambishi kama vitenzi vingine, na hupokea: ‘chajiwa’, ‘chajisha’, ‘chajia’. Hata hivyo, mafundi husema “Alteneta inachaji” na “Betri inachaji” kwa umbo lile lile, ingawa ya kwanza inatoa na ya pili inapokea. Walimu wengi watasahihisha sentensi ya pili kuwa “Betri inachajiwa”. Sahihisho hilo ni la haki kisarufi, lakini lisitolewe kwa dharau. Kiswahili kina vitenzi vyake kadha vinavyofanya hivyo bila mtu kulalamika. Mvua ‘inajaza’ pipa, na pipa ‘linajaa’. Kilichokosekana kwa ‘chaji’ ni umbo la pili kama la ‘jaa’. Katika gari lenye betri mbili, pengo hili lina gharama. Dereva anaposema “Ya pili haichaji”, yaweza kuwa betri haipokei, au rilei haifungi, au alteneta haitoi. Fundi atakayeelewa visivyo atafungua kifaa kizima na kuacha kilichoharibika. Vitenzi vya asili vinaweza kusaidia hapa: alteneta ‘inajaza’, betri ‘inajaa’. Vinaeleweka na kila mtu kutoka Lamu hadi Kigoma na havihitaji idhini ya kamati.

6.0 Maji ya betri na risasi

Kuna jina moja ambalo halistahili kuvumiliwa. Ndani ya betri ya kawaida mna maji yaliyochanganywa na asidi ya salfa, ambayo Kiswahili sanifu huiita ‘tindikali’. Betri ikitumika, maji hupungua na asidi hubaki, kwa hiyo kinachoongezwa ni maji safi yaliyokenekwa. Jina ‘maji ya betri’ laweza kumaanisha maji hayo safi, na laweza pia kumaanisha ile tindikali. Anayeongeza tindikali akidhani ni maji huharibu betri. Anayenawia tindikali akidhani ni maji huharibu mikono na macho yake. Hapa Kiswahili hakina upungufu wowote, maana maneno mawili yapo tayari na ni mafupi. Ni suala la mazoea tu, na mazoea hayo yangeweza kubadilishwa na kibandiko cha chupa.

‘Risasi’ ni tofauti. Neno hili lilitoka katika Kiarabu likiwa jina la metali, kisha likawa jina la kile kinachotoka katika bunduki kwa kuwa kilitengenezwa kwa metali hiyo. Leo maana ya pili imeifunika ya kwanza. Mtu anayesoma kwamba watoto “wamedhurika kwa risasi” hufikiria bunduki. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, wakazi walidhurika kwa sumu ya risasi iliyotoka katika kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu za magari. Mwanaharakati Phyllis Omido, aliyeongoza kampeni yao, alipata Tuzo ya Mazingira ya Goldman mnamo 2015. Mnamo Julai 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi fidia ya shilingi bilioni 1.3, uamuzi uliotenguliwa katika rufaa na kisha kurejeshwa na Mahakama ya Juu mnamo Desemba 2024. Mwandishi wa habari hiyo kwa Kiswahili hulazimika kuandika ‘madini ya risasi’ au ‘sumu ya risasi’ kila mara, na ni vyema afanye hivyo. Kila betri ya pili inayofungwa Eastleigh itakuwa betri kuukuu siku moja, na aliyeinunua hajaambiwa kwa lugha anayoielewa kilichomo ndani yake.

7.0 Nani aunde istilahi?

Juhudi rasmi hazikukosekana. Rajmund Ohly alitoa kamusi ya msingi ya kiufundi mnamo 1987. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilitoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mnamo 1990, na miaka miwili baadaye ikatoa Kiongozi cha Uundaji wa Istilahi za Kiswahili cha Tumbo-Masabo na Mwansoko. BAKITA kwa upande wake lilichapisha vijitabu vya Tafsiri Sanifu. Kazi hizi zingali na manufaa. Udhaifu wake ni kwamba zilipita kutoka chuo hadi chuo bila kusimama gereji, hivyo fundi hajui ‘ukinzani’ na mhadhiri hajui rilei ni nini.

Hofu kwamba maneno ya mkopo yanakiua Kiswahili haithibitiki hapa. Neno ‘waya’ ni la Kiingereza, lakini wingi wake ni ‘nyaya’, kama ‘wayo’ na ‘nyayo’. Lugha imelichukua neno geni ikalivika vazi la ngeli ya U-ZI, jambo ambalo hakuna kamati iliyoliagiza. ‘Rilei’, ‘fyuzi’ na ‘diodi’ zinaweza kuachwa zilivyo. Juhudi za uundaji zielekezwe kwenye maneno yaliyoshiba maana kupita kiasi, ambayo ni ya Kiswahili kitupu na kwa sababu hiyo hakuna anayeyashuku.

Kifungu kifuatacho kimeandikwa kwa kuzingatia yaliyojadiliwa, na chaweza kutumiwa darasani kwa zoezi la kutafsiri au la kuhariri:

Hakikisha kwanza gari ni la volti ngapi. Ikiwa ni la volti 12, chagua betri ya pili yenye mabamba manene, na uifunge imara mahali penye hewa, kwani betri inapojaa hutoa gesi inayolipuka kwa cheche. Zima injini. Ondoa waya wa hasi kwenye betri ya kwanza. Pitisha waya mnene wa shaba mbali na vyuma vyenye ncha kali na mbali na ekzosi. Weka rilei kati ya chanya na chanya, na fyuzi karibu na kila betri. Unga hasi ya betri ya pili na bodi ya gari, mahali palipokwanguliwa rangi na kutu. Unga vifaa vya ziada kwenye betri ya pili pekee. Rudisha waya wa hasi wa betri ya kwanza mwisho. Washa injini, kisha upime: volteji ya betri ya pili ikipanda, inajaa.

Neno ‘moto’ halimo katika kifungu hicho hata mara moja, wala ‘chaji’. Agizo linaloleta ubishi zaidi ni lile la kuondoa hasi kwanza na kuirudisha mwisho, kwa sababu mwanafunzi huuliza kuna tofauti gani ikiwa umeme hupita pande zote mbili. Tofauti imo katika spana. Bodi nzima ya gari imeungwa na hasi. Spana inayofungua hasi ikigusa bodi, hakuna linalotokea. Spana inayofungua chanya ikigusa bodi huku hasi ingali imefungwa, mkondo wote wa betri hupita katika spana hiyo, na yule aliyeishika hana haja tena ya kuulizwa ni moto wa aina gani.